Ripoti ya 1955 inasema watu wa kijiji cha shosho walikuwa wameridhika. Niisomeje?

BintiKayole

Habarini wadau. Naomba anayejua kusoma faili za zamani anisaidie, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Wiki jana niliomba ruhusa kazini nikaenda Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue. Nilikuwa natafuta habari za kijiji alikohamishiwa shosho, nyanya yangu, wakati wa Hali ya Hatari, yaani Waingereza walipokuwa wakipambana na wapiganaji wa Mau Mau, upande wa Kiambu. Shosho alizaliwa 1936. Nyumba zao zilipochomwa na wao kusukumiwa kijijini, alikuwa na mimba ya mama mkubwa wangu. Mpaka leo akifika penye mtaro mpana husimama kidogo kabla hajavuka. Zaidi ya hapo sijui mengi, kwa sababu hasemi.

Nililetewa faili la wilaya, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Ndani nikakuta ripoti ya 1955, kurasa nne zilizopigwa taipu na ofisa mmoja, na aya nzima inahusu mawazo ya wananchi. Naifupisha: watu wameanza kuridhika na maisha ya vijiji, habari za Mau Mau hazisikiki tena midomoni mwao, ukipita kwenye foleni ya maji utawakuta wakizungumza habari za mvua, na wanawake wanaimba wakichimba handaki.

Nilikasirika mpaka nikafunga faili. Lakini Jumapili nilikwenda kumwona shosho. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye, mimi na mzee jirani ambaye huja kila jioni, nikamuuliza: "Shosho, kule kijijini mliyaonaje maisha?" Akajibu papo hapo: "Tulikuwa sawa. Tulizoea." Mzee akaitikia kwa kichwa, shosho akaniongezea chai. Basi, yakaishia hapo.

Sasa mkoloni anasema waliridhika na shosho mwenyewe anasema walikuwa sawa. Mimi niliyezaliwa 1994 nina haki gani ya kubisha?

Simba wa Shauri Moyo

Dada, usijisumbue na karatasi za mkoloni. Zilizokuwa na ukweli walizichoma au wakaondoka nazo. Mpaka wazee wetu walipowapeleka mahakamani London ndipo ilipojulikana, mwaka 2011, kwamba kulikuwa na faili kama 8,800 za makoloni 37 zimefichwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza. Miaka miwili baadaye wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Anayelipa hivyo alikuwa ametenda. Zilizobaki hapa mjini ni zile walizoona hazina madhara kwao. Achana nazo, kaa na shosho wako.

Mhoji wa Mitaani

Simba, la kufichwa nakubaliana nawe. La kuachana na faili sikubali hata kidogo, na nitaeleza. Lakini kwanza dada anijibu: huyo mzee jirani ni mtoto wa nani?

Siulizi kwa uchokozi. Huu ni mwaka wa 11 nabisha milango hapa Nairobi nikikusanya maoni, zamani kwa hojaji za karatasi, siku hizi kwa tableti. Nimewauliza watu habari za maji, unga, zahanati, polisi. Mhojiwa huanza kunijibu kabla sijafungua mdomo. Anachungulia mlangoni aone nimekuja na nani, viatu vyangu vikoje, nimevaa beji ya nani. Akishamaliza kunisoma ndipo ananikaribisha, na jibu analo tayari.

Kuna mtaa mmoja wa Eastlands ambao sitautaja. Kampuni iliyoniajiri wakati huo ilitupa mtu wa kutuongoza kutoka kwa chifu, ati kwa usalama wetu. Siku ya kwanza nilihoji nyumba 14 naye yuko nyuma yangu, anasalimia watu kwa majina yao, anacheka nao vizuri. Wote 14 waliniambia hawajawahi kuombwa kitu kidogo ili wapate huduma. Siku ya pili hakufika, alikuwa na mazishi. Nikaingia ploti ileile, ghorofa ya juu. Mama wa kwanza aliangalia ngazi, akauliza, "Leo uko peke yako?" Nikamwambia ndiyo. Akafunga mlango, akaketi, akaniambia bei. Bei ya kila kitu, kwa shilingi, na siku za kulipa. Kufika jioni nilikuwa na watu 9 waliosema yaleyale. Nilimsihi supavaiza atenge majibu ya siku ya kwanza. Aliyachanganya yote, na ripoti ikatoka ikisema wengi hawana malalamiko. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu yule mama alijihatarisha kuniambia.

Kwa hiyo unaposema ofisa na shosho wako wanakubaliana, mimi naona chumba chenye mtu wa tatu.

Tuje 1955. Wakoloni walikuwa na njaa kubwa ya kujua watu wanawaza nini. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 walikuwa wameshtukizwa, na mwezi uliofuata mkuu wa MI5, shirika la ujasusi la Uingereza, Percy Sillitoe, alikuja mwenyewe hapa Nairobi kushauri upelelezi upangwe upya. Zikawekwa kamati za upelelezi wilayani, mikoani na hapa mjini. Sasa jiulize habari zilifikaje kwenye kamati. Kulikuwa na baraza la chifu, watu wameketi kwenye nyasi na ngati, yaani walinzi wenyeji wa serikali, wamesimama nyuma na bunduki: nani angeinuka aseme kijiji kinamuua? Kulikuwa na wapasha habari waliolipwa, na mtu anayekula kwa kuleta maneno hawezi kurudi mikono mitupu wiki tatu mfululizo. Halafu kulikuwa na uchujaji.

Huo uchujaji sisi wa Nairobi tungepaswa kuujua kuliko wote, maana ulifanyika kwenye mitaa tunayopanda matatu kila siku. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi kama 25,000 waliuzingira mji. Walianza Operesheni Anvil. Watu walitolewa nje na vyeti vyao mkononi, wakapangwa, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, limetobolewa macho tu. Gakunia. Hasemi neno. Akitikisa kichwa hivi unarudi nyumbani, akitikisa vile unapandishwa lori. Zaidi ya 20,000 waliishia kizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Sasa chukua mtu aliyeona kaka yake akiondoka kwa kutikiswa kichwa, mhamishie kijijini, halafu mwaka unaofuata mtumie ofisa akamuulize maoni yake.

Na ofisa mwenyewe alikuwa akimwandikia nani? Mkubwa wake. Kuanzia Juni 1954 kuwaweka watu vijijini ilikuwa amri kutoka juu, na kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijiji kama 800. Ofisa anayeandika kwamba watu wanavichukia vijiji anaandika kwamba kazi yake imemshinda. Ripoti yake inapanda kwa DC, mkuu wa wilaya, inapanda mkoani, inafika Nairobi, na kila ngazi kuna mtu anayetaka usingizi mzuri.

Mtasema kila jeshi ndivyo lilivyo. Hapana, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ni mambo ya kazi yangu. Mwaka 1945 Wamarekani walipokalia sehemu yao ya Ujerumani waliunda kitengo cha kukusanya maoni. Walifundisha wahojaji Wajerumani wenyewe, wakachagua watu kwa sampuli, wakauliza swali lilelile tena na tena. Moja lilikuwa hili: Unazi ulikuwa wazo baya, au wazo zuri lililotekelezwa vibaya? Kati ya Novemba 1945 na Desemba 1946, kwa wastani asilimia 47 walijibu kwamba lilikuwa wazo zuri lililotekelezwa vibaya. Agosti 1947 ikafika asilimia 55. Jeshi lililoshinda vita, lenye vifaru barabarani, liliambiwa jambo linalochukiza namna hiyo likaliandika lilivyo. Siwasifu kwa mengine. Nasema tu kwamba hata chini ya bunduki inawezekana kuuliza mpaka mtu akuambie usichotaka, ukikubali kulipa gharama ya kuuliza vizuri.

Na kuna namna nyingine ambayo hainitoki akilini. Ufaransa ilipokatwa vipande viwili na Wajerumani mwaka 1940, familia zilizotenganishwa na mpaka ziliruhusiwa postikadi zenye maneno yaliyokwisha kuchapwa: mzima, amechoka, mgonjwa, amejeruhiwa, ameuawa, mfungwa. Unakata yasiyokuhusu, unajaza jina kwenye nafasi iliyoachwa. Ukiongeza la kwako, kadi haifiki. Nikipewa hojaji yenye visanduku vitupu, bila mahali pa mtu kusema lake, huzikumbuka kadi zile. Maoni ya mhojiwa yameandikwa ofisini kabla sijapanda matatu.

Basi dada, rudi Nyaraka. Usiisome ile aya peke yake, soma kurasa zilizoizunguka. Tafuta saa za kafyu, maana vijiji vingine viliadhibiwa kwa kafyu ya karibu siku nzima. Tafuta faini za pamoja, siku za kazi ya lazima, idadi ya ngati waliowekwa. Ofisa akiandika mawazo ya watu anaandika anachotumaini. Akiandika idadi ya majembe anaandika alichogawa. Kama watu waliridhika, ngati waliongezwa kwa nini?

Na usimtupe ofisa kabisa. Kwamba wanawake waliimba, mimi namwamini. Tena kabla ya 1952 vitabu vidogo vya nyimbo viliuzwa waziwazi hapa nchini, sauti ni za nyimbo za kanisani, maneno ni ya ardhi na Kenyatta, mpaka serikali iliposhtuka ikavipiga marufuku. Kwa hiyo swali langu ni: waliimba nini, na nani alimtafsiria?

Mzee wa Githurai

Mjukuu wangu, mimi nasema na kijana wangu anaandika. Nilizaliwa 1946, Murang'a. Ulivyouliza ni vizuri.

Mimi nakumbuka ndege iliyokuwa ikiongea. Wengine mtadhani ni hadithi. Ilikuwa ndege ndogo yenye vipaza sauti, inapita juu ya msitu na juu yetu, na inaongea Kikuyu. Upepo ulikuwa unakata maneno. Unasikia "tokeni", halafu mngurumo, halafu "chakula", halafu imekwenda. Sisi watoto tulitaka kukimbia nje tuione. Cucu, nyanya yangu, alitushika shingo. Alisema, msiangalie juu. Tulifikiri anaogopa bomu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiogopa majirani. Ukiangalia juu na uso wa furaha, mmoja atasema umefurahia serikali. Ukiangalia na uso wa hasira, mwingine atapeleka kwa ngati. Kwa hiyo ndege ikipita kijiji kizima kiliinamisha kichwa kikaendelea na kazi, kama watu viziwi.

Karatasi nazo zilimwagwa. Zilikuwa nyeupe, zinashuka polepole zikijigeuza. Ukiokota, unaambiwa unataka kumpelekea mtu wa msituni. Usipookota, unaambiwa umeikataa serikali. Mama aliifukia moja kwa kisigino, akiwa amesimama wima anaongea na mwenzake. Hakuangalia chini hata mara moja. Nilikuwa nimesimama karibu na mguu wake, niliona kisigino kikizunguka mpaka karatasi ikaisha ndani ya udongo.

Aliyekuwa ndani ya ile ndege akituangalia, aliandika nini jioni? Labda aliandika watu wametulia.

Nesi Mstaafu

Mzee, asante. Mimi nitaongeza dogo, maana nimefanya kazi Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka mingi. Serikali ilipoona wapasha habari hawatoshi ilimwita daktari. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali hiyohiyo ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alipewa kazi ya kueleza akili ya Mau Mau, na taarifa yake ikachapwa na mpiga chapa wa serikali. Akaeleza kwamba ni watu waliovurugika akili kwa kutolewa katika mila zao bila kuingia vizuri katika maisha mapya, na akaunga mkono watu kuwekwa vijijini. Watu walikuwa wakisema ardhi, ardhi, ardhi. Yeye akasikia ugonjwa.

Nimewauguza wagonjwa wa kweli. Mgonjwa anayekuambia shamba lake limechukuliwa, jambo la kwanza ni kuuliza kama shamba limechukuliwa. Inaniuma kwamba lile halikuulizwa kwanza, tena na mtu wa taaluma yetu.

Mhoji wa Mitaani

Nesi, hilo la Carothers nimelinakili kwenye daftari langu. Mzee, Mungu akuweke. Dada, hujanijibu habari za jirani.

BintiKayole

Samahani kwa kukawia. Nimesoma yote, la kisigino nimelisoma mara tatu. Asante sana guka.

Mhoji, ulijuaje? Nilimuuliza mama kwa simu. Baba wa huyo mzee alikuwa ngati palepale kijijini, na ndiye aliyeshika rejista ya kazi ya lazima, yaani ndiye aliyeita majina asubuhi. Baadaye wakawa majirani, mashamba yakapakana, watoto wakaoana huku na huku. Mzee mwenyewe ni mtu mwema, ndiye humpeleka shosho kliniki. Miaka yote hiyo wamekunywa chai pamoja na halijawahi kutajwa.

Jumamosi nilikwenda tena, asubuhi. Sikuuliza lolote. Tulikaa nyuma jikoni tukiambua maharage, yeye na mimi tu. Nikamwambia nilikwenda mjini nikaona karatasi ya zamani inayosema kwamba kule kijijini kwenye foleni ya maji walikuwa wakizungumza habari za mvua.

Aliacha kuambua. Akauliza, "Imeandikwa hivyo? Mvua?" Nikasema ndiyo, shosho, imeandikwa na Mzungu. Akacheka kidogo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama ya msichana. Akasema walikuwa na mwenzao aliyesimama nyuma kabisa ya foleni, macho yake makali. Akimwona ngati au Mzungu anakuja alisema tu kwa sauti ya kawaida, "mbura", yaani mvua, na foleni nzima inaanza: imechelewa, itafika, mahindi yatanyauka. Alikufa 1957, huyo mwenye macho. Shosho alimtaja jina mara mbili.

Nikapata ujasiri, nikauliza na nyimbo je, kwenye handaki. Alikaa kimya mpaka nikadhani nimekosea. Halafu akaanza, chini sana, mikono ikiambua tena kwa mpigo wa wimbo. Sauti naijua, ni ya wimbo tunaoimba kanisani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Maneno sikuyajua. Nilishika mstari wa kwanza, unasema juu ya majembe na watoto walioachwa bila kunyonya. Wa pili alikuwa ameufikisha nusu.

Lango likalia, mzee jirani akaita hodi. Shosho akaokota ganda la haragwe sakafuni, akaniuliza kama kule Kayole mvua imeshaanza.